Ndugu Wawili Waliokuja na Misonobari

Kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna msonobari wa asili hata mmoja. Morocco, Algeria na Tunisia zina misonobari ya kwao tangu kale, lakini ukishavuka jangwa, kila msonobari unaokutana nao, uwe wa Sao Hill wilayani Mufindi, wa Shume kule Lushoto au wa nyanda za juu za Kenya, ulipandwa na mtu au ulitokana na mti uliopandwa na mtu. Kwa hiyo uyoga usioweza kuishi bila msonobari nao ni mgeni kwetu, hata kama wazee wa kijiji waliukuta upo tangu utoto wao.

Uyoga wa namna hiyo upo, tena wa aina zaidi ya moja. Hapa nataka kuzichambua aina mbili, Suillus luteus na Suillus granulatus. Zote mbili zina rangi ya kahawia, zote zina kofia inayoteleza mvua ikinyesha, zote huliwa, na zote huchanganywa na watu wanaozifahamu nusu nusu. Vitabu vya Ulaya huzitenganisha kwa mstari mmoja tu: luteus ina pete shinani, granulatus haina. Mstari huo ni wa kweli. Lakini mtu akiubeba peke yake kuingia nao kwenye shamba la misonobari la Afrika Mashariki, unaweza kumfikisha pabaya. Aina hizi hazieleweki kwa kuangaliwa sura tu. Ni lazima kuuliza zinaishi na mti gani, zilifikaje hapo zilipo, na ni nini kingine kilichopita njia ileile.

Tuanze na ukoo. Uyoga wa kundi la boleti una kofia na shina kama uyoga mwingine wowote, ila ukiugeuza huoni vile vipande vyembamba vinavyotoka shinani hadi ukingoni mwa kofia. Badala yake kuna mirija midogo mingi iliyoshikana, na midomo ya mirija hiyo ndiyo unayoiona kama vitundu. Ndani ya mirija ndimo zinamotengenezwa spora, yaani chembe za uzazi. Boleti kama boleti si wageni Afrika. Misitu yetu ya miombo ina za kwake, na mojawapo, Phlebopus sudanicus, huwa kubwa kiasi cha kumshangaza anayeiona mara ya kwanza. Suillus ni tawi jingine la kundi hilo, na karibu aina zake zote hutegemea miti ya familia ya misonobari. Nje ya familia hiyo hazina maisha.

Mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, aliziandika aina zote mbili katika kitabu kimoja mwaka 1753, akaziweka pamoja na boleti nyingine zote chini ya jina la Boletus. Mwaka 1796 Mfaransa Roussel akazihamishia zote mbili kwenye jenasi ya Suillus. Kwa hiyo tangu mwanzo zimekwenda sambamba vitabuni, zikitajwa ukurasa kwa ukurasa, na nadhani hilo limechangia mazoea ya kuziona kama kitu kimoja chenye sura mbili. Ukizishika mkononi zikiwa changa, mazoea hayo hayadumu.

Luteus changa hutoka ardhini ikiwa imefungwa. Kofia yake ya kahawia iliyoiva, mara nyingine yenye wekundu wa zambarau, hufunikwa na ute mzito unaoshika sindano za msonobari na chembe za udongo. Upande wa chini huvioni vitundu kabisa, kwa sababu utando mweupe umetandazwa kutoka ukingo wa kofia hadi shinani. Utando huo huvilinda vitundu mpaka spora zikaribie kukomaa. Kofia ikitanuka, utando hupasuka ukingoni na kubaki umening'inia shinani kama pete, nyeupe upande wa juu, na upande wa chini ukiwa na rangi ya zambarau iliyokolea. Juu ya pete shina huwa la manjano lenye vidoadoa vidogo vinavyozidi kuiva kadiri uyoga unavyozeeka. Vitundu vyenyewe ni vya manjano mbichi. Kofia iliyokomaa huwa na upana wa sentimita 5 hadi 12 hivi, na ngozi yake huchunika kirahisi sana: ukiishika ukingoni na kuivuta, hutoka kipande kizima hadi katikati.

Granulatus haina utando, hivyo vitundu vyake huwa wazi tangu siku ya kwanza. Kofia yake ina rangi ya kahawia inayoelekea kwenye chungwa au manjano, na ute wake si mzito kama wa mwenzake. Uzuri wake uko pale ambapo wengi hawatazami. Chukua moja iliyochipuka karibuni, asubuhi yenye unyevu, uigeuze, uinamie. Utaona kwenye midomo ya vitundu matone madogo ya majimaji meupe yanayofanana na maziwa, na matone kama hayo hayo kwenye sehemu ya juu ya shina. Jua likipanda hukauka na kuacha punje ndogo, kwanza za manjano, baadaye za kahawia. Punje hizo ndizo zilizoipa aina hii jina lake la kisayansi. Vidole vya anayezichuma kwa wingi hubaki na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa maji matupu. Shina lenyewe ni la manjano hafifu, limenyooka, na halina pete wala alama ya kuwahi kuwa na pete.

Kwa uyoga mchanga, basi, hakuna ubishi. Ubishi huanza uyoga ukizeeka. Pete ya luteus hukauka, hushikamana na shina, huchafuka kwa spora zinazodondoka toka juu, na mvua kubwa huweza kuiondoa yote. Wakati mwingine utando hupasukia upande wa shina badala ya ukingoni, mabaki yakabaki yamening'inia kwenye kofia. Granulatus iliyozeeka nayo hukolea rangi ikaikaribia luteus, na matone yake yanakuwa yamekwisha zamani. Hapo anayetegemea pete peke yake hukwama. Hata darubini haimsaidii sana, kwa sababu spora za aina zote mbili ni nyembamba na ndefu, mikromita 7 hadi 10 kwa urefu na karibu mikromita 3 kwa upana. Inabidi kurudi kwenye mambo madogo: vidoadoa vya luteus vimejikusanya zaidi juu ya pale pete ilipokuwa, na chini ya hapo shina huwa jeupe au lenye uchafu wa kahawia, wakati shina la granulatus lina rangi inayofanana kutoka juu hadi chini. Katika aina zote mbili nyama haibadiliki kuwa ya buluu ikikatwa. Boleti ambayo hugeuka buluu papo hapo si mojawapo ya hizi.

Na pete, kwa yote inayotusaidia, si kipimo cha undugu. Marekani Kaskazini kuna Suillus brevipes, yenye kofia ya kahawia iliyoiva na ute mzito, inayofanana na luteus kwa karibu sana, lakini haina pete. Anayepanga aina hizi kwa kuangalia wenye pete upande mmoja na wasio na pete upande wa pili atapata mafungu mawili ya kumfaa jikoni, si historia ya ukoo.

Sasa tuje kwenye hatari niliyoitaja. Misonobari ilipoletwa Afrika haikuja na Suillus peke yake. Chini ya misonobari ya Tanzania na Afrika Kusini umepatikana pia Amanita phalloides, uyoga unaosababisha vifo vingi vya sumu ya uyoga kuliko mwingine wowote duniani. Una kofia yenye rangi ya kijani kibichi inayofifia hadi manjano au karibu nyeupe, huwa na utelezi kidogo ukilowa, na una pete shinani. Yaani zile alama mbili anazofundishwa mtu kuhusu luteus kwa haraka, utelezi na pete, muuaji huyu anazo. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kuanikwa. Mlaji hukaa saa 6 au 12, pengine zaidi, bila kuhisi kitu. Kisha huja kutapika na kuharisha kukali. Kisha hupata nafuu inayomdanganya, huku ini likiendelea kuharibika. Kofia moja inatosha kumuua mtu mzima.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mpangilio wa kutazama ni muhimu kuliko alama yenyewe. Kabla ya rangi, kabla ya ute, kabla ya pete, geuza kofia. Ukiona vipande vyembamba badala ya vitundu, si Suillus, na hakuna haja ya kuendelea. Kisha chimbua shina lote badala ya kulikata, kwa sababu Amanita phalloides huota ndani ya kifuko cheupe kilichozama udongoni, na anayekata shina juu ya udongo huiacha nyuma alama iliyo bora kuliko zote. Baada ya hapo ndipo pete inakuwa na maana. Kwa mantiki hiyo hiyo, kwa anayeanza, granulatus ni aina salama zaidi kujifunza: haina pete, hivyo alama zake hazigongani na za Amanita, na yale matone yake hayafanani na kitu kingine kirahisi. Uyoga mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, nao ulifika na misonobari na una sumu, ila huo rangi yake inautangaza toka mbali.

Vitundu pekee navyo si cheti cha usalama. Ulaya kuna boleti yenye vitundu vyekundu, Rubroboletus satanas, inayotapisha vibaya, na kuna Tylopilus felleus, chungu kiasi kwamba kipande kimoja huharibu sufuria nzima. Hoja ni kwamba kila alama hufunga mlango mmoja, na milango ni mingi.

Mlango unaosahauliwa zaidi ni mti. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa jina la mikoriza ule muungano wa nyuzi za kuvu na mizizi ya miti. Uyoga tunaouchuma ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotanda udongoni, zinazozivika ncha za mizizi ala na kupenya katikati ya seli za nje za mzizi. Nyuzi hizo hufika mahali ambapo mzizi haufiki, zikaleta fosforasi, nitrojeni na maji. Mti nao hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Msonobari uliokosa mshirika wa namna hii kwenye udongo duni hudumaa, hugeuka manjano, na kufa ukiwa bado mche.

Wakoloni na wataalamu wa misitu walilijifunza hilo kwa hasara. Katika nchi nyingi za joto miche ya misonobari ilikufa vitaluni mwaka baada ya mwaka, ikipandwa kwa mbegu nzuri na kumwagiliwa inavyopaswa. Puerto Rico ni mfano unaojulikana sana: majaribio yalishindwa kwa miaka mingi mpaka mwaka 1955, ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari ya North Carolina ukachanganywa na wa pale, na miche ikainuka. Baada ya hapo ikawa desturi ya vitalu kuchota udongo chini ya misonobari iliyostawi na kuupeleka kwenye kitalu kipya. Kila toroli la udongo huo lilibeba nyuzi na spora. Hivyo ndivyo aina kama luteus na granulatus zilivyoenea Chile, Ecuador, New Zealand, Australia na kusini na mashariki mwa Afrika. Hakuna aliyekuwa akikusudia kuleta mboga.

Kuna ajabu moja hapa ambayo wasomaji wengi hawajaipa uzito. Luteus ni kuvu wa Ulaya na Asia, na mshirika wake wa jadi ni Pinus sylvestris, msonobari wenye sindano mbili mbili kwenye kila kifungo. Misonobari mingi ya Sao Hill ni Pinus patula kutoka Mexico, wenye sindano tatu tatu, laini, zinazoning'inia. Kenya na Tanzania zilipanda pia Pinus radiata wa California, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa sindano wa Dothistroma uliushambulia vikali, upandaji wake ukaachwa, na patula ukachukua nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo kuvu wa Ulaya na mti wa Mexico, ambao kwa asili wasingekutana kamwe, wamekutanishwa kwenye udongo mwekundu wa Mufindi na wakaelewana. Uwezo huo wa kupokea mshirika mpya hawana kuvu wote. Aina nyingi za Suillus zimefungwa kwenye kundi dogo la misonobari au miti jamaa, na hizi mbili zimefanikiwa duniani kwa sababu hazichagui sana.

Kwa mchumaji, mti ni ramani. Kwenye mashamba yetu misonobari hupandwa bega kwa bega na misaiprasi na mikaratusi. Msaiprasi una kuvu wa mizizi wa namna nyingine kabisa, wasiotoa uyoga wenye kofia. Mkaratusi una washirika wake wengine. Ukiukuta uyoga wenye ute na vitundu katikati ya mikaratusi mitupu, mbali na msonobari wowote, jina la Suillus halifai hapo. Ukiwa kwenye misonobari, tafuta ukingoni mwa shamba, kando ya njia na kwenye majani mafupi, hasa pale miti ingali michanga. Ulaya granulatus huanza kuonekana mapema kiangazi na hupenda udongo wenye chokaa, wakati luteus hungoja majira ya vuli na huvumilia mchanga wenye asidi. Kwenye ikweta majira hayo hayana maana. Kinachoamua ni mvua.

Ecuador ndiko hilo linakoonekana wazi kuliko kwingine. Kwenye miteremko ya mlima Cotopaxi, ilipopandwa radiata juu ya nyanda za baridi zilizokuwa na majani matupu, luteus huzaa karibu mwaka mzima na kwa wingi ambao Ulaya haujapata kuonekana. Mwaka 2001 Ignacio Chapela na wenzake walichapisha utafiti wa eneo hilo uliotia wasiwasi. Udongo chini ya misonobari ulikuwa umepoteza hadi asilimia 30 ya kaboni yake katika muda usiofika miaka 20, na wao waliihusisha hasara hiyo na kuvu aliyeletwa, anayechota akiba ya udongo na kuigeuza kuwa uyoga. Wanaopanda misonobari kwa ahadi ya kuhifadhi kaboni wanapaswa kuusoma utafiti huo kwa makini, kwa sababu hesabu ya kaboni iliyo kwenye magogo haimalizi hesabu ya kaboni iliyo chini yake.

Patagonia nako kumetoa ushahidi mwingine. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Chile walionyesha kwamba luteus peke yake, bila kusaidiwa na kuvu mwingine, inatosha kuuwezesha msonobari kutoka shambani na kuvamia nyika. Na katika kisiwa cha Victoria, ziwa Nahuel Huapi nchini Argentina, ilionekana kwamba nguruwe mwitu na paa walioletwa kutoka Ulaya hula uyoga na kuzisambaza spora kwa kinyesi. Mnyama mgeni anabeba kuvu mgeni, kuvu anafungua njia kwa mti mgeni. Hapa ndipo ninapoiona tofauti iliyo kubwa kuliko pete: luteus ni mtangulizi, aina inayofika mapema, peke yake ikibidi, na kuandaa ardhi kwa ajili ya mti. Kwa Afrika Mashariki, ambako tunahangaika na misonobari inayojiotea kwenye mbuga za milimani, swali la ni ipi kati ya hizi mbili imeenea wapi si swali la wapishi tu.

Granulatus haijatajwa katika visa hivyo mara nyingi kama mwenzake, na habari yake kubwa ya miaka ya karibuni inahusu jina. Kwa zaidi ya karne moja Wamarekani waliita granulatus uyoga wanaouchuma chini ya Pinus strobus, msonobari wa sindano tano tano wa mashariki mwa bara lao. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililolinganisha vinasaba vya Suillus za dunia nzima lilithibitisha kwamba uyoga huo ni aina tofauti, Suillus weaverae. Kwa macho haukuwa mbali na granulatus ya Ulaya, ila historia yake ni nyingine. Linatugusa hilo, kwa sababu jina la granulatus katika orodha za uyoga wa Tanzania na nchi jirani liliwekwa kwa macho na darubini kabla ya kazi hiyo, na mbegu na udongo wa misonobari yetu vilipita mikono mingi. Idadi ya sindano kwenye kifungo, jambo ambalo mtoto wa shule anaweza kuhesabu, sasa ni sehemu ya kuutambua uyoga.

Jikoni, Warusi, Waukraine na Wapoland wanaipenda luteus kwa dhati. Huimenya, huichemsha na kuihifadhi kwa siki kwa ajili ya majira ya baridi. Chile huikausha na kuiuza nje. Kule Ecuador, wanakijiji wa Salinas de Guaranda wamefanya uyoga mkavu wa misonobari kuwa moja ya bidhaa za ushirika wao, pamoja na jibini na chokoleti. Mfano huo naupenda kwa sababu haukuhitaji mtaji mkubwa: misonobari ilikuwepo, mvua ilikuwepo, kilichoongezwa ni vichanja vya kukaushia, usafi na mtu wa kuhakikisha kinachoingia kwenye mfuko ni kile kinachotakiwa.

Hata hivyo tusizisifu aina hizi kupita kiasi. Aina zote mbili huwaharisha baadhi ya watu, na ute ndio unaolaumiwa zaidi. Ngozi ya kofia imenywe yote, uyoga upikwe hadi uive barabara, na anayeula kwa mara ya kwanza ale kidogo. Luteus huchunika vizuri, lakini nyama yake hunyonya maji na kulegea haraka. Mirija ya uyoga mpevu huwa rojorojo, na ni afadhali kuiondoa. Granulatus ina nyama iliyoshikana zaidi, harufu yenye utamu wa matunda, na ute mchache. Kwa sufuria yangu nachagua granulatus changa, iliyokatwa vipande na kukaangwa kwa kitunguu mpaka maji yote yakauke. Kwa kuanika na kusaga unga wa kutia kwenye mchuzi, luteus haina ubaya, maana ulaini wake haudhuru kitu ukishakuwa unga. Zote mbili huingiliwa na funza mapema, basi chuma zilizo ndogo.

Mahali pa kuchuma nako kuna maana. Kaskazini mwa Ubelgiji, karibu na mji wa Lommel, ambako viwanda vya kuyeyusha zinki vilichafua ardhi kwa miongo mingi, watafiti wamekuta luteus zinazostahimili zinki nyingi kuliko ndugu zao wa udongo safi, na miche ya misonobari iliyoshirikiana nazo ilistahimili vizuri zaidi. Ni sifa kubwa kwa kuvu, na ni onyo kwa mlaji: kiumbe kinachostawi penye madini yenye sumu hakitamwambia kwa sura yake kwamba kimeota hapo. Kando ya barabara kuu na penye taka za machimbo, uache uyoga ulivyo.

Linabaki suala la maarifa. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipokusanya habari za kitabu chao cha uyoga wa Tanzania kilichochapishwa mwaka 2003, walitegemea sana wanawake wa vijijini. Wao ndio wajuao uyoga wa kichuguu na ule wa miombo, hujua unatoka mvua ya ngapi na chini ya mti gani, na maarifa hayo yamepitishwa toka kwa mama hadi kwa binti. Uyoga wa misonobari hauna mlolongo huo nyuma yake. Misonobari yenyewe imeenea kwetu ndani ya karne iliyopita, na mtu anayejua vizuri uyoga wa miombo anapoingia kwenye shamba la patula huwa ameingia nchi ya kigeni bila kuvuka mpaka. Ujuzi wake unaweza hata kumponza, kwa kuwa kwenye miombo kuna Amanita zinazoliwa kwa raha, nyeupe na zenye pete, na jicho lililozoea hizo linaweza kuipokea phalloides kama jamaa.

Kwa hiyo naona kazi ianzie kwa walio karibu na miti. Wafanyakazi wa vitalu na wapogoaji wa matawi huingia mashambani kila siku ya mvua. Wapewe picha nne tu, luteus, granulatus, phalloides na muscaria, zikiwa zimepigwa kutoka chini ya kofia na siyo juu yake, na kila picha ionyeshe shina zima lililochimbuliwa. Anayetaka kuthibitisha aina akaushe uyoga mzima juani au karibu na moto, auweke kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki, na juu yake aandike mahali, tarehe, jina la mti na idadi ya sindano kwenye kifungo kimoja, kisha apeleke kwenye hifadhi ya mimea ya chuo kikuu au makumbusho. Na kila unapoula uyoga wa misonobari kutoka mahali papya, bakiza mmoja bila kuupika, pamoja na shina lake lote, mpaka kesho yake jioni, ili mtu akiugua daktari awe na cha kuangalia.